Namba 117

Kifua changu ndicho rula.
Daktari Rutahiwa alinisimamisha penye mti wa kwanza,
akanipima kwa futi, akachora mstari wa chaki kwenye shati:
"Hapa, Kapela. Mita moja na nukta tatu.
Usijikunje, usijinyooshe."
Mwaka wa tisa huu ninalikumbatia pori la Sikonge
kwa kimo hicho hicho,
utepe mkononi, shavu kwenye gome,
nikiita namba, Nyamizi akiandika:
mninga, thelathini na moja nukta sita.
Mtundu, kumi na tisa kasoro kidogo.
"Kasoro kidogo si namba," husema Nyamizi.

Tulijua namba, na tulijua mengine:
kwamba 88 ana siafu,
kwamba 103 amebeba mzinga wa Ngelela
na nyuki wake hawataki harufu ya sabuni,
kwamba Septemba pori huvaa wekundu kabla ya mvua,
majani mapya, laini kama masikio ya mtoto wa mbuzi,
likijipamba kwa imani tu.
Mwaka juzi likajipamba. Ukapita mwezi, na mwingine.
Likakaa kama bibi harusi,
hina imekauka, wakwe hawajaonekana barabarani.
Nyamizi akaandika tarehe. Tarehe ilikuwa na safu yake.
Kungoja hakukuwa na safu.

Kisha tukafika 117, na 117 hayupo.
Myombo; mara ya mwisho arobaini na mbili nukta nne.
Kisiki kimeanza kupasuka.
Fomu inataka sababu: moto, upepo, tembo, binadamu.
Kisanduku ni kidogo kama ukucha wa kichanga.
Nyamizi akatia alama kwenye binadamu,
akafunga daftari.

Binadamu namjua.
Anaitwa Shija, amemwoa dada yangu,
na bani lake la tumbaku lilikula magogo siku saba,
usiku na mchana,
hadi majani yakawa na rangi ya noti.
Jumapili nilikwenda kwake kula.
Dada alikuwa akichota majivu ya kusugulia sufuria,
kikatoka kibati kimejikunja:
1, 1, na mguu wa 7.
Tukatazamana na Shija.
"Ada ya Wande," akasema.
Wande ni binti yangu.
Nikanawa mikono, nikala.

Madaftari yetu yalikwenda Morogoro, yakaenda Dodoma,
yakarudi yakiwa waraka wenye muhuri:
kila mkulima wa tumbaku apande miti mia.
Lori likamwaga miche ya mikaratusi mbele ya ofisi ya kijiji
wiki ile kisima kilipokuwa kikitoa tope.
Shija alipanda yote mia. Mashimo nilichimba naye.
Tuliinywesha maji ya kuoshea vyombo.
Imebaki tisa, na mbuzi wanaijua kwa majina.
Mkutanoni mgeni mmoja aliuliza, kwa upole kabisa,
kama wanakijiji wanaelewa thamani ya msitu.
Shija akasimama, kofia mkononi:
"Naielewa, mheshimiwa. Nimeiuza kwa kilo."
Watu wakacheka. Mgeni akaandika kitu.
Sikuona ni safu gani.

Juzi nilirudi kisikini peke yangu.
Myombo haufi kirahisi.
Ubavuni pamechipuka vijiti vinne, vyekundu,
vinanifika gotini.
Kanuni inasema: chini ya sentimita tano, usipime.
Kifua changu hakikuwa na kazi pale.
Nikapiga magoti.
Utepe ulikuwa mpana mno, nikachomoa uzi kwenye shati,
nikazungusha kijiti kilichonenepa kuliko wenzake,
nikafunga fundo pale uzi ulipokutana na uzi.
Sikuita namba, hapakuwa na wa kuandika.
Nikautia mfukoni,
mfuko ule ule
wenye risiti ya Wande.